Mrejesho: mwanangu amepata kituo cha malezi

Ndugu zangu, nashukuru sana. Niliwauliza baba anayelea peke yake, kipato chenyewe cha vibarua, atapataje kituo cha watoto chenye ada ya ruzuku. Nimepata!

Kilichonikwamisha ni uthibitisho wa kipato, maana kibarua hana hati ya mshahara. Msimamizi wangu akaniandikia barua, ikakubaliwa. Na aliyenishauri nijiandikishe vituo viwili, Mungu akubariki: kilichoniita ni hicho cha pili.

Mapokezi waliniuliza mara mbili, "Mama yake yuko wapi?" Iliniuma. Lakini fomu ilisema "mzazi au mlezi", nikasaini.

Leo asubuhi binti yangu kaingia bila kulia, viatu kavigeuza, cha kulia mguu wa kushoto. Sasa naomba zamu inayoisha mapema, nimuwahi jioni.