Ruzuku ya kumbukumbu kwa watafiti chipukizi wa usingizi: dola 20,000 kwa madereva 120, inawezekana?

MwotaMchana:
Wakuu, heshima kwenu. Kuna ruzuku ndogo ya kumuenzi daktari wa usingizi aliyefariki, nami nataka kuiomba. Masharti: mwombaji asizidi miaka 5 tangu amalize mafunzo, dola 20,000 kwa miezi 12, chuo hakikati chochote cha uendeshaji, andiko kurasa 3 pamoja na muhtasari wa lugha nyepesi. Niko hospitali ya chuo, Marekani. Wazo langu ni madereva wa malori 120, nusu yao wanaozungumza Kiswahili. Kila mmoja ajaze STOP-Bang (dodoso la dalili za hatari ya pumzi kukatika usingizini, maswali 8) na Epworth (dodoso la kusinzia mchana), kisha avae kwa usingizi mmoja kifaa cha nyumbani cha kupima kukatika kwa pumzi, tuone madodoso yanawanasa wagonjwa wangapi. Mlezi wangu anasema bajeti haitoshi. Nikate wapi?

PimaPumzi:
Kata idadi, na ukishakata, badilisha swali. Uwezo wa dodoso kunasa wagonjwa unapimwa kwa wagonjwa tu, si kwa wote uliowaandikisha. Tuseme umeandikisha 60, ukabaki na rekodi nzuri 50, na asilimia 30 wana matukio 15 au zaidi kwa saa, yaani pumzi kukatika au kupungua, kiwango kinachoanzia daraja la kati la ugonjwa. Hao ni wagonjwa 15. STOP-Bang ikiwanasa 12 utaandika asilimia 80, lakini ukweli waweza kuwa popote kati ya 55 na 93. Mkaguzi wa takwimu ataliona hilo kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza.

Tena kwa madereva dodoso lenyewe lina kasoro. Mwanamume anapata alama 1 bila kufanya lolote, akizidi miaka 50 ana 2, akiwa na presha tayari ana 3 na amefikia alama ya kuhesabiwa yuko hatarini. Upande wa pili, maswali ya kukoroma, uchovu na kuonekana pumzi ikikatika yanategemea kauli yake, na huyu ni mtu anayeogopa kunyimwa cheti cha afya cha kuendeshea. Atajibu "hapana" mara tatu.

Swali linalolingana na dola 20,000 ni hili: wangapi wanakubali, wangapi wanarudisha kifaa, wangapi wana angalau saa 4 za data safi ya mtiririko wa hewa na oksijeni. Weka viwango vyako mapema, mfano asilimia 80 ya vifaa virudi vikiwa na rekodi inayosomeka, na useme utafanya nini visipofikiwa.

FundiRekodi:
Naongezea ya kifaa, maana hapo ndipo pesa hupotea.

Kifaa cha kawaida cha nyumbani, kisicho na elektrodi za kichwani za kusoma mawimbi ya ubongo, hakijui mtu amelala kwa muda wa saa ngapi. Kinagawanya matukio kwa saa za kurekodi. Dereva aliyetoka zamu ya usiku akalala mchana huku mwanga unaingia, anaweza kukaa macho saa 2 kati ya 8. Matukio 96 kwa saa 6 za usingizi ni 16 kwa saa. Kwa saa 8 za kurekodi ni 12. Mtu huyohuyo ametoka daraja la kati hadi jepesi. Mpe shajara ya usingizi ya siku hiyo, na uandike wazi kwamba kipimo chako kinashusha namba.

Pili, taja kanuni ya kuhesabu pumzi zinazopungua: oksijeni ishuke asilimia 3 au 4? Tofauti si ndogo, na bila elektrodi huwezi kuhesabu kule ubongo kuzinduka kwa muda mfupi usingizini, ambako kumo katika kanuni ya asilimia 3. Chagua moja kabla ya rekodi ya kwanza.

Tatu, oksimita (kihisi cha kidole kinachopima oksijeni ya damu) huelekea kusoma oksijeni juu kuliko ilivyo kwa watu wenye ngozi nyeusi. Usijenge hoja yako kuu juu ya dakika zilizotumika chini ya asilimia 90.

Halafu lile watu wanaona aibu kuliandika: kifaa kuvaliwa na mke au mdogo wake. Tumia mkanda wa mkononi unaochanika ukivuliwa, wenye namba ya mshiriki. Tenga nafasi ya kurudia angalau rekodi 1 kati ya 6, kwa sababu mrija wa puani huchomoka na kihisi cha kidole huteleza.

TafsiriRejeshi:
Mkuu, Epworth ina hakimiliki. Ombeni leseni na muulize kama kuna toleo rasmi la Kiswahili kabla hamjajitafsiria. Mkilazimika kutafsiri, tatizo ni neno moja. Dodoso linauliza uwezekano wa *kusinzia*, siyo *kuchoka*. Ukiandika "kujisikia usingizi", wengi watajibu kuhusu uchovu wa kazi. Pia kati ya hali 8 kuna ya kuwa abiria garini saa nzima. Dereva atajibu "mimi siwi abiria", na swali likibaki tupu jumla ya alama, ambayo ukomo wake ni 24, haitumiki. Mwelekeze mapema: hata kama hujafanya karibuni, kadiria. Fanya mahojiano ya majaribio na watu 5 au 6 kwanza, wakiwemo wa Kiswahili cha Kongo. Hiyo pia ni gharama, iwekwe kwenye bajeti.

MwotaMchana:
Asanteni. Nimeshuka hadi 60. Hofu ya madereva kuhusu cheti nitaieleza vipi?

PimaPumzi:
Omba NIH (taasisi za taifa za afya za Marekani) cheti cha usiri wa utafiti. Hata utafiti usiofadhiliwa na serikali ya Marekani unaweza kukiomba. Kinakuzuia kutoa majina hata ukiletewa hati ya mahakama. Lakini amua na kamati ya maadili, kwa maandishi, utamwambia nini aliyekutwa na matukio 40 kwa saa na kesho anashika usukani, na nani atamwona kliniki. Bila aya hiyo andiko linarudi.

Nenda pia ofisi ya ruzuku ya chuo wiki hii. Kwa kuwa mfadhili halipi gharama za uendeshaji, kuna fomu ya chuo kusamehe gharama hizo inayopaswa kusainiwa, na ofisi nyingi zinataka faili siku kadhaa za kazi kabla ya tarehe ya mwisho. Barua ya mlezi iseme saa ngapi kwa wiki, vifaa vya nani, na sehemu ipi ya kazi ni yako peke yako. Barua ya sifa tupu inakuumiza.

Muhtasari mwepesi usiudharau. Kwenye ruzuku za kumbukumbu, familia huenda ikausoma huo tu.