Kurudisha gesi: pampu au baridi? Wenye mitambo ya kukamua, tupeane uzoefu

Mkamuaji wa Denver

Wakuu, salaam. Nafanya kazi kwenye karakana ya kukamua mimea huku Colorado. Ndiyo, ni bangi. Maduka yake yamefunguliwa kisheria huku tangu Januari 2014 na kiwanda kina leseni. Mwenye hoja ya dini afungue uzi wake, hapa tuongee mitambo.

Kwa asiyeijua kazi: butani au propani ikiwa kimiminika inapitishwa kwenye majani, inabeba mafuta yake na kushukia kwenye chungu. Pale inachemshwa iwe mvuke, mvuke unapozwa, unarudi kimiminika ndani ya silinda kwa ajili ya mkupuo unaofuata. Mfumo wote umefungwa. Ubishi ni nani auvute huo mvuke: pampu, au tuache joto la chungu na baridi ya silinda vimalizane vyenyewe? Bosi anataka kununua pampu ya pili. Mimi naona pesa hiyo iende kwenye chila (mashine ya kupoza) na hita ya maji. Leteni yaliyowakuta.

Kaka wa Oregon

Nimefanya zote mbili. La kwanza, pampu haikuondolei kazi ya kupoza. Gesi ikibanwa inatoka ya moto, na usipoipitisha kwenye koili ya baridi, presha ya silinda inapanda mpaka pampu inazidiwa. La pili ni sili, zile pete za kuzuia gesi isivuje. Pampu zetu ni zile zisizotumia mafuta, kwa sababu mafuta ya kompresa yangeishia kwenye bidhaa. Lakini sili zinazosuguana pakavu zinalika, na ule unga wake unaingia kwenye laini. Tunaweka chujio baada ya pampu na bado tunaikuta rangi ya kijivu.

Halafu iwe pampu isiyoweza kutoa cheche, si ile ya dukani ya fundi AC. Butani ikifika asilimia 1.8 ya hewa inatosha kuwaka, na ni nzito mara mbili kuliko hewa, inatambaa sakafuni kutafuta moto.

Mkamuaji wa Denver

Hapo kwenye joto ndipo ninapogombana na bosi. Kugeuza kilo 10 za butani kuwa mvuke kunahitaji joto la kama kWh 1. Ukitaka kilo hizo kwa saa moja, lazima uingize kilowati 1 kwenye chungu na uitoe kilowati 1 upande wa pili. Pampu haibadilishi hesabu hiyo. Chungu chetu kinaganda nje, presha inashuka, pampu inakosa cha kuvuta, na watu wanasema pampu ni dhaifu! Maji ya joto hayazunguki vya kutosha, basi.

Mtu wa Ontario

Ongeza hili, maana lilitutesa. Tulikuwa kwenye njia ya baridi, silinda imezamishwa kwenye barafu kavu (kaboni dayoksaidi iliyogandishwa) na ethanoli. Kwa baridi ya nyuzi -60 hivi butani iliyo ndani inabaki na presha ndogo sana, karibu ombwe, kwa hiyo mvuke ulipaswa kukimbilia huko. Haukukimbilia. Geji ya silinda ilisimama juu ya sifuri, chungu kikawa kimejaa, na kila mtu akaagiza barafu zaidi.

Kumbe ilikuwa naitrojeni. Zamu iliyotangulia walisukumia kiyeyushi, yaani butani yenyewe, kwa naitrojeni, ikahamia kwenye silinda. Hiyo haiwi kimiminika kwa barafu kavu hata ukiimwaga tani nzima. Inakaa juu ya butani na kuziba njia. Pampu ingelazimisha na usingejua kuna tatizo, ila presha ingezidi kupanda. Siku hizi kabla ya kulaumu baridi tunalinganisha joto la silinda na presha yake kwenye jedwali la gesi. Vikipishana, kuna mgeni ndani. Atolewe kwa valvu ya juu, kupitia bomba la kutolea nje lenye kibali, mbali na moto.

Fundi Baridi, Temeke

Sikamui chochote mimi, ila kuvuta gesi ya AC na friji ndiyo mkate wangu. Wengi huku wanaweka silinda kwenye ndoo ya barafu ya maji na kusubiri. Kwa R22, ile gesi ya AC, inakuja haraka mwanzoni halafu inagoma, kwa sababu kwenye nyuzi 0 gesi hiyo bado ina presha ya bar 4 kwenye geji. Presha ikishakuwa sawa pande zote, kilichobaki kwenye AC kinabaki. Hapo mashine haikwepeki.

R600a ya friji za sasa, ambayo ni isobutani, ndugu wa butani yenu, inashuka mpaka kama nusu bar. Ni afadhali, lakini haijaisha. Na mashine yangu ya R22 siiwashi karibu na R600a, swichi yake inatoa cheche. Nyie wenye barafu kavu mmebahatika.

Binti Mafinga

Kwenye pareto kiyeyushi ni heksani, inachemka nyuzi 69, kwa hiyo hakuna silinda za presha. Tunaipasha chini ya ombwe ili ichemke kwa joto dogo, kwa sababu piretrini, ile dawa ya wadudu iliyomo kwenye pareto, zinaharibika kwa joto, kisha inapita kwenye kondensa ya maji. Pampu ya ombwe ipo, lakini anayekamata heksani ni kondensa. Maji yakiwa ya vuguvugu mchana, heksani inapotea kupitia pampu na harufu inakuambia.

Kaka wa Oregon

Anayetumia barafu kavu chumbani aweke king'ora cha kaboni dayoksaidi. Mwenzetu mmoja aliinama juu ya beseni akaanguka. Alipona.

Fundi Baridi, Temeke

Denver, nyie mnatumia butani tupu au mchanganyiko?

Mkamuaji wa Denver

Mchanganyiko, propani asilimia 30. Propani inatangulia kutoka, mwishoni inabaki butani karibu tupu na ndiyo inayoburuta miguu. Kwa hiyo msimamo wangu: baridi ifanye kazi kubwa ya mwanzo, pampu moja tuliyo nayo iwashwe mwishoni tu. Jumatatu nitapima joto la maji yanapoingia kwenye koti la chungu (ule ukuta wa nje wa kupitishia maji) na yanapotoka, nimpelekee bosi namba. Ontario, silinda yenu ina valvu ya juu kabisa, au mmeongeza tundu?