Mrejesho: fomu za kilo za mwani, nani kaleta na nani bado

Assalaam alaykum. Niliuliza vipi nikusanye kilo za mwani mkavu kutoka vikundi vyetu 9 vya huku Micheweni, Pemba, na timu nzima ione kwenye ukurasa wetu wa pamoja nani kaleta na nani bado.

Nimefuata ushauri wa Google Forms (fomu ya mtandaoni) iliyoungwa na Google Sheets (jedwali la mtandaoni). Kilichosaidia hasa ni jina la kikundi kuchaguliwa kwenye orodha, si kuandikwa. Zamani kikundi kimoja nilikuwa nacho kwa majina manne! Fomula ya COUNTIF inahesabu majibu ya kila kikundi, penye sifuri panageuka pekundu.

Kilichonishinda ni maoni yangu juu ya mwani wa kila kikundi. Niliyaandika pembeni ya majibu yanayovutwa na kupangwa na fomula ya QUERY, mapya juu. Jibu jipya likiingia, mengine yanashuka, maoni yanabaki palepale. "Umelowa mvua" ikawaangukia wasiohusika, na simu nikapigiwa! Sasa naandika kwenye jedwali la vikundi, kila kikundi mstari wake.

Bamvua hili (siku za maji makubwa) vikundi viwili havikujaza, wana simu za kitochi tu. Hao nawapigia, najaza mwenyewe.

Ahsanteni sana jamani, hasa yule wa COUNTIF.