Naomba ushauri: mteja mwenye waswasi wa udhu

Assalamu alaykum wenzangu. Natoa huduma ya saikolojia Wete, Pemba, na hapa karibu sina mwenzangu wa kumuuliza. Mteja ameridhia niulize, na baadhi ya taarifa zake nimezibadilisha.

Ni mama wa makamo. Kila sala hutawadha mara saba, nane, mikono imechubuka, na Alfajiri humpita bado yuko bombani. Kwenye Y-BOCS, kipimo cha ukali wa waswasi, alipata 29 kati ya 40, kiwango kikali. Kashasomewa kisomo mara kadhaa. Moyo hutulia siku mbili, kisha yale yale.

Nimeanza naye tiba ya kukabili hofu huku akijizuia kurudia kitendo, njia aliyoieleza Victor Meyer wa Uingereza mwaka 1966. Alikuwa pia na tabia ya kukagua milango na jiko tena na tena; hiyo kamudu kuizuia vizuri baada ya vikao 6. Tulipofika kwenye udhu tukakwama. Nikimwambia atawadhe mara moja tu kisha asali, hulia, huona namtia dhambini. Nami simlazimishi, maana sala ndiyo iliyomshika mpaka leo.

Je, kuna aliyewahi kumwingiza sheikh ndani ya kikao chenyewe, na siri ya mteja mliilindaje? Pia, sheikh akimthibitishia kila wiki kwamba udhu wake umesihi, huko si kuulisha waswasi? Nachelea aache kurudia udhu aanze kurudia kuuliza. Kikao chetu kijacho ni Jumatano.