Tupeane uzoefu: kulala kambini na ukoo mzima, wakwe wakiwemo

Wakuu, heshima mbele. Kwetu Chumbageni ukoo umeshaamua: Idd hii hatuli pilau uani, tunakwenda kulala ufukweni Pangani, wazee kwa watoto, na mahema na Coaster ya kukodi. Nimekabidhiwa mimi kupanga. Mahema nitayamudu. Kinachoniumiza kichwa ni kwamba mama mkwe anakuja, shangazi zangu wanakuja, na kila mmoja ana pa kulala panapomstahili. Waliowahi kwenda na ndugu wa pande zote mbili, mwageni uzoefu. Picha za machweo hapana, nataka ya jikoni na ya chooni.

Mkaza Mwana wa Ngamiani
Dada, umeanza na choo, umeanza vizuri. Sisi tulikwenda Ushongo, ng'ambo ya mto. Shemeji yangu alikuja na wazo la gari lenye hema juu ya paa, unapanda kwa ngazi. Wazo zuri mpaka umfikirie mavyaa wangu na magoti yake anashuka ngazi ile saa nane usiku, na mume wa wifi yangu kajilaza pale chini. Haiwezekani! Tukakodi banda la makuti lenye choo chake kwa ajili ya wazee, sisi wengine mahemani. Gharama ilipanda, sikatai, lakini wazee walilala kwa heshima zao na asubuhi kila mtu alimwamkia mwenzie bila kukwepana macho.

Mahema nayo yapange. Wanaume upande mmoja, kina mama na watoto upande wa pili, jiko katikati. Na jiko likingwe upepo. Shangazi alikalia mbuzi, akakuna nazi mwenyewe maana haamini tui la pakiti, na kusi likivuma kutoka baharini. Tui likaja na mchanga. Samaki wa kupaka tulimla wote, meno yanasaga, na si mtoto si mkubwa aliyethubutu kusema neno. Mjomba akaomba aongezewe! Yule mzee ana adabu zake.

Mwana wa Nahodha
Mwanzisha uzi, umesema Idd. Ipi? Nauliza kwa sababu Idd ndogo ni mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo ni bamvua, yaani maji makubwa. Kwetu huku bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na hujaa kama saa kumi alfajiri, watu wako usingizini. Ami yangu aliambiwa na wavuvi asogeze hema akawajibu yeye kazaliwa Mkwaja, hafundishwi bahari. Alfajiri alikuwa anaokota kandambili zinaelea.

Tafuta mstari wa mwani mkavu na vifuu uliotupwa juu kabisa ya ufukwe. Hema likae juu ya mstari huo, mbali nao. Idd kubwa ni tarehe kumi ya mwezi, mnakuta maji mafu, yale yasiyopanda sana, hapo hamna presha.

Faida ya bamvua ni Maziwe. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje, leo ni fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Siku za bamvua maji hutoka kama saa nne asubuhi, kisha kila siku yanachelewa karibu dakika 50. Pangeni mashua kwa saa hizo, si kwa saa ya chai ya shangazi.

Mzigua wa Mkange
Wanaofikiria Saadani: ile ni hifadhi ya taifa, tembo hushuka mpaka ufukweni. Malipo ni kwa namba ya malipo, hakuna kumshikisha mtu pesa mkononi getini, na Mtanzania abebe kitambulisho apate bei ya mwananchi. Bibi yetu alisahau chake, tukakaa getini mpaka wali ukachacha. Usiku hakuna kwenda chooni peke yako. Na ufukwe wa Madete, humo humo hifadhini, kasa hupanda kutaga, kwa hiyo watoto wasizungushe tochi ufukweni.

Mtanga wa Minnesota
Huku wanajiita jimbo la maziwa 10,000, na watu wanakwenda na nyumba za magurudumu kando ya ziwa, unachomeka umeme, ukiondoka unapitia kwenye shimo kumwaga maji taka. Mama mdogo alikuja kututembelea, tukampeleka. Alilala kitandani kama malkia. Lakini saa nne usiku kelele marufuku, na hadithi zake ndiyo kwanza zimenoga. Na kuni usije nazo kutoka nyumbani, lazima ziwe zilizoidhinishwa, wanaogopa mdudu anayeua miti yao. Mama mdogo alisema nchi yenye misitu hii yote halafu kuni zina kibali, basi.

Kitumbua Moto
Michango ikusanywe kabla. "Nitakupa tukifika" ya mashemeji, mpaka leo sijapewa.

Mwanzisha uzi
Ni Idd ndogo, Nahodha. Umeniokoa, tulishachagua mahali pa mahema kwa kuangalia picha tu. Mkaza Mwana, lile banda la wazee choo chake ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Mama mkwe ana magoti pia.