Naomba ushauri: eabrashi ya kwanza na kompresa, nipo Kigoma

Wakuu, habari zenu. Nipo Mwanga, Kigoma. Naunda mfano mdogo wa meli ya MV Liemba, skeli ya 1:100, kwa hiyo ina sentimita 71 hivi. Bodi imekaa vizuri ila rangi imeniaibisha: brashi imeacha michirizi na kuzifukia ribiti (vichwa vya misumari ya kuungia mabati) za ubavuni nilizozitoboa moja moja kwa sindano. Wajerumani waliileta meli nzima vipande vipande mpaka hapa, wakaiunga na kuishusha ziwani 1915, mimi nashindwa na rangi tu!

Fundi jirani wa kupiga rangi magari alinipa upepo wa kompresa yake nijaribu kwenye kipande cha plastiki. Ukatema matone ya maji, rangi ikatoka madoa kama ndui.

Sasa nataka vyangu, kompresa na eabrashi (kile kipulizio kidogo cha rangi kinachotumia upepo), bajeti laki mbili na nusu. Nimeona kompresa ndogo ya tanki la lita 3, na nyingine haina tanki, bei chee. Kwa msukumo wa upepo wa PSI 15 hadi 25, ile ya bei chee haitatoa upepo wa kudundadunda? Na sindano ya eabrashi, nianze na ya milimita 0.3 au 0.5? Natumia rangi za maji, maana thina mama watoto hataki kuisikia ndani. Anayejua kichujio cha kunasa maji kwenye upepo wa kompresa kinachofaa huku ziwani anisaidie.