Sumaku haielei juu ya kidonge cha YBCO, tatizo nini?

mwanafizikia_chuo
Wakuu, naomba msaada na kidonge cha YBCO, oksidi ya itriamu, bariamu na shaba ambayo ikipozwa sana huwa superkondakta: hupitisha umeme bila ukinzani na huelesha sumaku juu yake. Mchanganyiko: oksidi ya itriamu g 2.26, kabonati ya bariamu g 7.89, oksidi ya shaba g 4.77. Unga umechomwa nyuzi 930 kwa saa 12, ukasagwa upya, ukagandamizwa kidonge na kuchomwa tena nyuzi 940 usiku kucha. Kidonge kikatolewa tanuruni kingali cha moto. Ni cheusi kabisa, lakini ndani ya nitrojeni kimiminika sumaku hainyanyuki hata kidogo. Ukinzani kwenye multimita nao haushuki hadi sifuri.

tanuru_bomba
Vipimo viko sawa, uwiano 1:2:3. Kilichokosekana ni oksijeni. Kwenye nyuzi 940 hiyo YBa2Cu3Ox inapoteza oksijeni nyingi, x (kiasi cha oksijeni) inashuka kuelekea 6, na huirudisha inapopoa taratibu kati ya 600 na 400. Ukiitoa ghafla inabaki hivyo hivyo. Karibu na x = 6 ni kihami: sumaku ndogo za atomi za shaba zinapangana moja juu moja chini, zinafutana. Hata ikifika 6.6 bado hutaona kitu, maana inakuwa superkondakta kwenye K (kelvini) 60 hivi, na nitrojeni inachemka K 77. Unataka 6.9 kwenda juu, ndipo unapata K 92.

Usikitupe. Kirudishe nyuzi 500, pitisha oksijeni polepole saa 12 hadi 24, kisha shusha nyuzi 1 kwa dakika mpaka 300. Kidonge kinene kiongezee muda.

nyaya_nne
Hiyo multimita iache. Kwa nyaya mbili unapima pia ukinzani wa viungio, kwa hiyo sifuri hutaiona hata kidonge kikiwa safi. Bandika nyaya nne kwa gundi ya fedha: mbili za nje zipitishe mA 10, mbili za ndani zisome volteji. Geuza mkondo, soma tena, chukua nusu ya tofauti. Volteji inayotokana na joto la viungio inajifuta.

mwanafizikia_chuo
Shukrani. Mtungi wa oksijeni hatuna. Hewa ya kawaida itafaa?

tanuru_bomba
Inafaa, ila shusha polepole zaidi, nusu nyuzi kwa dakika kuanzia 600. Ukivunja kidonge ukakuta madoa ya kijani, hiyo ni Y2BaCuO5, oksidi nyingine ya elementi zilezile isiyo superkondakta, na oksijeni haitaiondoa: saga, choma upya. Vaa barakoa na glavu. Kabonati ya bariamu ikiingia tumboni inayeyuka kwenye asidi, ni sumu kali.